Mchota Maji Aliyenyanyua Kombe Mara Mbili

Hotuba kwa makocha wa timu za vijana

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojipenyeza viti vya nyuma mkidhani hatujawaona: habari za mchana, na asanteni kwa kunialika.

Niliombwa nizungumzie kiungo anayegeuka kocha. Mada hiyo ukiifuata yote tutakesha hapa, kwa hiyo nimemchagua mtu mmoja tu, Mfaransa Didier Deschamps, kiungo wa zamani aliyekuja kuifundisha timu ya taifa lake. Nimewasikia mkiguna. Najua wengi mlitaka nimzungumzie Zidane. Zidane atapita humu hata nisipomwita, kwa sababu wawili hawa wamecheza pamoja, wamebeba makombe pamoja, na siku moja mmoja alikaa benchi akipanga namna ya kumtoa mwenzake mashindanoni. Lakini watoto tunaowafundisha wengi wao hawatakuwa Zidane. Tukiwa wakweli, wachache sana watakaribia. Wengi, wakifanikiwa, watakuwa Deschamps, na sisi hatuna mazoea ya kumfundisha mtoto kuwa Deschamps.

Nianze na dakika ya 41. Ni tarehe 18 Desemba 2022, uwanja wa Lusail, Qatar, fainali ya Kombe la Dunia. Argentina wanaongoza 2-0: Messi kafunga penalti, Di María kamalizia lile shambulizi la kushtukiza ambalo kila mwalimu humu ndani nadhani ameshawaonyesha wachezaji wake. Ufaransa hawajapiga hata shuti moja. Zimebaki dakika nne na za nyongeza mwende mapumziko. Sasa semeni kweli, nani kati yetu asingesubiri? Unasubiri filimbi, mnaingia chumbani, unamwambia mchezaji taratibu kwamba leo imekataa, anakaa. Heshima yake inabaki.

Deschamps hakusubiri. Kibao kikapanda, wakatoka wawili kwa mpigo: Ousmane Dembélé na Olivier Giroud. Giroud huyo, wiki mbili tu kabla ya hapo, alikuwa amempita Thierry Henry na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa Ufaransa. Anatolewa mbele ya dunia nzima kabla ya mapumziko. Wakaingia Marcus Thuram na Randal Kolo Muani. Huyu Kolo Muani, ambaye wazazi wake ni watu wa Kongo, hata kwenye orodha ya kwanza ya kikosi hakuwemo. Aliitwa baada ya Christopher Nkunku kuumia mazoezini siku chache kabla ya mashindano. Dakika ya 71 mwalimu akatoa wengine wawili, mmoja wao Antoine Griezmann, akamwingiza Kingsley Coman na Eduardo Camavinga.

Dakika ya 80 Kolo Muani anaangushwa na Otamendi ndani ya boksi, Mbappé anafunga penalti. Dakika ya 81 Coman anamnyang'anya Messi mpira, unafika kwa Mbappé, Thuram anapokea na kumrudishia, Mbappé anaachia shuti. Mbili kwa mbili. Haya, hesabuni mikono iliyogusa mabao hayo. Mfungaji ni Mbappé, sawa, lakini wanaume watatu waliotengeneza walianza mechi wakiwa wamekaa.

Wakafungwa kwa penalti, naam, 4-2 baada ya sare ya 3-3. Sikuja hapa kuwaambia kwamba mtu huyu hashindwi. Ameshindwa sana, na baadhi ya kushindwa kwake tutakuchambua. Ninachotaka mkione ni jicho. Jicho la kutazama timu na kuona kinachokosekana, kabla ya kuona kinachopendeza. Jicho hilo alilipata akiwa kiungo.

Mshambuliaji Eric Cantona, Mfaransa mwenzake, miaka ya 1990 alimwita Deschamps mchota maji. Hakuwa anamsifu. Alimaanisha mchezaji wa kuokotwa popote, ambaye kazi yake ni kupokonya mpira na kuwapelekea wanaojua kuuchezea. Nyote mmewahi kwenda kwenye shughuli ya harusi. Bibi harusi anasifiwa, mpishi anasifiwa, mpiga ngoma anatunzwa noti mpaka kwenye paji la uso. Mchota maji hata jina lake hamlijui. Lakini siku asipotokea, hakuna pilau, hakuna chai, na yule mpishi maarufu atakaa na sufuria lake akitazama barabara. Cantona alidhani ametukana. Mimi naona alitoa maelezo sahihi ya kazi, akakosea bei yake.

Deschamps alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1968 huko Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nchi ya Wabaski, ambako watoto wengi hukimbilia raga kabla ya soka. Mwaka 1983 akachukuliwa na akademi ya Nantes, mbali na nyumbani, na huko akakutana na kijana mwingine aliyeitwa Marcel Desailly. Urafiki wao umedumu. Septemba 1985, hajafikisha miaka 17, akacheza mechi ya kwanza ya ligi kuu. Miaka miwili baadaye, Desemba 1987, kaka yake Philippe alifariki katika ajali ya ndege karibu na Bordeaux. Deschamps si mtu wa kulizungumzia jambo hilo, nami sitalizungumza zaidi yake.

Aliyemwita timu ya taifa mara ya kwanza, Aprili 1989, ni Michel Platini. Hapo pana kichekesho kidogo cha historia. Platini, fundi kuliko mafundi, nambari 10 aliyeipa Ufaransa kombe la Ulaya 1984 kwa mabao yake mwenyewe, alipokuwa kocha aliishia kutolewa kwenye makundi ya Euro 1992. Kijana aliyemwita, ambaye katika mechi 103 za taifa alifunga mabao manne tu, ndiye aliyekuja kumpita kwa mbali kwenye benchi. Tusikimbilie kusema mafundi hawawezi kufundisha, maana Zidane alichukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo na Real Madrid. Kila mtu na njia yake. Ninachosema ni kwamba njia ya Deschamps inafundishika.

Marseille walimnunua 1989. Msimu wa 1990-91 wakamtoa kwa mkopo kwenda Bordeaux, kama vile hawana shida naye. Wengine hapo ndipo huanza kulalamika redioni. Yeye akaenda, akacheza, akarudi, akawa nahodha. Tarehe 26 Mei 1993 mjini Munich, Marseille wakaifunga AC Milan 1-0: kona ya Abedi Pele wa Ghana, kichwa cha Basile Boli. Deschamps, akiwa na miaka 24, akanyanyua kombe la kwanza la klabu bingwa Ulaya kuwahi kwenda Ufaransa. Likafuata balaa la mechi yao na Valenciennes iliyonunuliwa siku chache kabla ya fainali hiyo. Marseille wakanyang'anywa ubingwa wa ligi wa msimu ule, na baadaye wakashushwa daraja. Kombe la Ulaya lilibaki kwao.

Mwaka huohuo ukamletea jambo lingine, na hapa naomba tukae kidogo. Tarehe 17 Novemba 1993, uwanja wa Parc des Princes, Paris. Ufaransa wanahitaji sare tu dhidi ya Bulgaria waende Kombe la Dunia Marekani. Ni 1-1. Mechi imekwisha, watu wanatazama saa. Ufaransa wanapata mpira wa adhabu pembeni kabisa, karibu na kibendera cha kona cha Bulgaria. Mtoto wa miaka kumi anajua cha kufanya pale: unaukalia mpira. Mpira unamfikia David Ginola, na Ginola badala ya kuukalia anapiga krosi ndefu, inampita kila mtu. Bulgaria wanaukusanya, pasi, pasi nyingine juu ya ukuta wa mabeki, Emil Kostadinov anapiga bila kufikiri, mpira unagonga chini ya mwamba na kuingia. Ufaransa wamebaki nyumbani.

Deschamps alikuwa uwanjani siku ile. Sasa chukua mkanda wa nusu fainali ya 2018 dhidi ya Ubelgiji, Ufaransa wanaongoza 1-0 kwa kichwa cha Samuel Umtiti. Tazama dakika za mwisho. Mpira unapelekwa pembeni, unakalishwa huko, na Mbappé, kijana mwenye kasi kuliko wote uwanjani, anapewa kadi ya njano kwa kupoteza muda. Wabelgiji walilalamika sana baada ya mechi. Kipa wao Thibaut Courtois alisema ule haukuwa mpira. Mimi niliposikia malalamiko hayo niliwaza Kostadinov. Hakuna aliyeniambia kwamba Deschamps aliliwaza hilo. Ni dhana yangu, ila sidhani kama mtu anasahau usiku kama ule.

Turudi kwa mchezaji. Juventus, 1994 hadi 1999: ubingwa wa Italia mara tatu, na Ligi ya Mabingwa 1996 mjini Roma, walipowatoa Ajax kwa penalti. Kisha fainali mbili mfululizo walizofungwa, 1997 na Borussia Dortmund, 1998 na Real Madrid. Miaka ile mitatu ya mwisho alikuwa akicheza nyuma ya Zidane katika klabu, na nyuma ya Zidane katika taifa pia. Fikirini kazi hiyo. Kila siku ya mazoezi, miaka mitatu, unafanya usafi nyuma ya fundi mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, ili yeye apate nafasi ya kufikiri. Unajifunza kitu hapo. Unajifunza anapokasirika anakuwaje, anapochoka anasogea wapi, anataka mpira mguu upi. Huo ndio ukocha, umeuvaa jezi.

Kwa hiyo kocha Aimé Jacquet alipojenga timu ya 1998, unahodha ulikuwa wa Deschamps. Tarehe 12 Julai 1998, Stade de France, Zidane akapiga vichwa viwili kutoka kona mbili, Emmanuel Petit akamalizia la tatu, Brazil 0. Aliyepokea kombe ni mchota maji. Miaka miwili baadaye, Rotterdam, fainali ya Euro dhidi ya Italia: Sylvain Wiltord akasawazisha sekunde za mwisho, David Trezeguet akafunga bao la dhahabu, lile lililomaliza mechi papo hapo katika muda wa ziada. Wote wawili waliingia kutoka benchi. Nahodha alikuwa Deschamps. Nadhani mnaanza kuona anakojifunzia mambo ya benchi.

Chelsea alikaa msimu mmoja, akapata Kombe la FA. Valencia msimu mmoja, hakucheza sana. Mwaka 2001 akatundika daluga akiwa na miaka 32, na papo hapo Monaco wakampa timu. Hakupitia vijana, hakupitia usaidizi. Hili msilichukue kama ushauri! Msimu wa kwanza walimaliza nafasi ya 15. Kama ingekuwa kwetu, angefukuzwa mwezi wa tatu, na mashabiki wangemsindikiza hadi stendi.

Msimu wa pili wakamaliza nafasi ya pili, pointi moja nyuma ya Lyon. Na hapa mnisamehe nijipendelee kidogo, kwa sababu mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa msimu ule wa 2002-03, kwa mabao 26, alikuwa Shabani Nonda. Mzaliwa wa Bujumbura, akavaa njano na kijani ya Yanga miaka ya 1990 kabla ya kwenda Afrika Kusini, Uswisi, kisha Ufaransa, na akaichezea timu ya taifa ya Kongo. Wana Simba mliomo humu, vumilieni, namalizia.

Kiangazi cha 2003 Monaco walikuwa na madeni mpaka wakakaribia kushushwa daraja, wakaponea kwenye rufaa. Nonda akaumia goti, miezi na miezi nje. Hela ya kununua mshambuliaji haipo. Deschamps akamchukua kwa mkopo Fernando Morientes, mtu ambaye Real Madrid hawakuwa na haja naye tena. Mnaona mwendo wake? Mchezaji aliyewahi kutolewa kwa mkopo anajua thamani ya mtu aliyetolewa kwa mkopo.

Msimu huo wa Ligi ya Mabingwa wakaifunga Deportivo La Coruña 8-3. Robo fainali wakakutana na Real Madrid wenyewe, ya Zidane, Ronaldo, Figo na Beckham. Mjini Madrid Monaco wakafungwa 4-2, lakini bao la ugenini la Morientes likaacha mlango wazi. Marudiano nyumbani Monaco 3-1, Morientes tena, Ludovic Giuly mawili, moja la kisigino. Jumla 5-5, na wakati ule mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua: Madrid nje. Mfungaji bora wa mashindano yale alikuwa huyohuyo Morientes ambaye sehemu ya mshahara wake ilikuwa inatoka Madrid.

Nusu fainali, Chelsea. Ni 1-1, kipindi cha pili Monaco wanabaki kumi baada ya Andreas Zikos kupewa kadi nyekundu. Walimu, mkibaki kumi nyumbani kwenye nusu fainali mnafanya nini? Mnarudi nyuma mnaomba Mungu. Chelsea wao wakaanza kujaza washambuliaji, wakajivuruga wenyewe. Deschamps aliona wamejivuruga. Morientes akafunga la pili. Kisha akaingia Nonda, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka majeruhi, na muda mfupi tu baada ya kugusa nyasi akafunga la tatu. 3-1. Marudiano London 2-2, Monaco fainali. Fainali yenyewe sitaikalia: Giuly aliumia mapema, Porto ya José Mourinho wakashinda 3-0.

Baada ya Monaco akaenda Juventus 2006, wakati Juventus wameshushwa Serie B, daraja la pili la Italia, kwa kashfa na kukatwa pointi. Kikosi kilikuwa na Buffon, Del Piero, Nedvěd, Trezeguet, watu wa fainali za dunia, wakicheza kwenye viwanja vidogo vya miji midogo. Aliwapandisha wakiwa vinara, kisha akaondoka kabla msimu haujaisha kwa kutoelewana na viongozi. Kuondoka huko baadaye kulimgharimu. Nafasi kama ile haikurudi. Halafu Marseille, 2009 hadi 2012: ubingwa wa 2010, wa kwanza kwao tangu 1992, na Kombe la Ligi mara tatu mfululizo. Nako pia aliishia kwenye mvutano na mkurugenzi wa ufundi, na ligi ya mwisho walimaliza wa kumi. Mtu huyu ni mgumu kuishi naye ofisini. Lazima niseme hivyo, msije mkadhani nawasimulia habari za malaika.

Julai 2012 akakabidhiwa Ufaransa. Nyumba aliyoikuta ilikuwa imepasuka. Mwaka 2010, huko Knysna, Afrika Kusini, wachezaji waligoma kufanya mazoezi, wakajifungia ndani ya basi mbele ya kamera za dunia. Mwaka 2012 tena ugomvi, matusi kwa waandishi. Kazi yake ya kwanza haikuwa mfumo wa uchezaji. Ilikuwa kuamua nani anaweza kukaa kambini na mwenzake wiki sita.

Samir Nasri, mchezaji mwenye kipaji ambacho hakuna anayekibishia, hakwenda Brazil 2014. Deschamps alieleza wazi kwamba Nasri akiwa benchi hafurahi, na kila mtu kambini analijua hilo. Adrien Rabiot mwaka 2018 alikataa kuwa mchezaji wa akiba, akaandika kukataa kwake, na akakaa nje ya timu hadi 2020. Lakini alirudi! Na Qatar 2022, Paul Pogba na N'Golo Kanté wakiwa majeruhi, Rabiot alikuwa nguzo ya kiungo. Walimu, wengi wetu tunajua kumfukuza mchezaji. Kumrudisha bila kinyongo ndiko kunakotushinda.

Karim Benzema ni habari nzito zaidi. Aliwekwa kando 2015 kwa sababu ya kesi ya njama ya kumtisha mchezaji mwenzake Mathieu Valbuena kwa mkanda wake wa faragha. Mwaka 2016, kabla ya Euro, Benzema alisema kocha ameinama mbele ya kundi la wabaguzi nchini Ufaransa, na nyumba ya Deschamps ikapakwa rangi neno la kumwita mbaguzi. Jambo hilo lilimuumiza na hakulificha. Sina haja ya kuwa hakimu wao. Nitasema tu kwamba timu alizozipanga mtu huyu zimejaa watoto wa wahamiaji, na kwamba Mei 2021 alimwita tena Benzema.

Sasa 2018, maana najua mnaisubiri. Watu husema alikuwa na kizazi cha dhahabu, nani angeshindwa? Wanaosema hivyo wamesahau jinsi alivyokipanga. Beki wa kulia, Benjamin Pavard, ni beki wa kati. Beki wa kushoto, Lucas Hernandez, vilevile. Alitaka mabeki wa kukaba kwanza. Winga wa kushoto alikuwa Blaise Matuidi, ambaye si winga hata ukimlazimisha. Ni kiungo mkimbiaji, aliyewekwa pale aingie ndani kusaidia kukaba, ili upande wa pili Mbappé asirudi nyuma kabisa. Mbele alikuwa Giroud, aliyemaliza mashindano yote bila kupiga shuti lililolenga goli. Shuti moja! Hata moja! Nchini mwake walimcheka. Deschamps hakumtoa, kwa sababu alichotaka kwake ni mgongo: mabeki wawili wamng'ang'anie Giroud, Griezmann na Mbappé wapite.

Umeona alichokifanya? Kati ya wachezaji kumi wa ndani alipanga wachota maji saba au wanane, ili wawili watatu wawe huru. Alijipanga mwenyewe, mara saba.

Na hata hao hakuwaonea haya. Fainali ya Moscow, tarehe 15 Julai, Ufaransa wanaongoza 2-1 lakini Croatia ndio wanaochezea mpira. Kanté, kipenzi cha watu wote, ana kadi ya njano na siku imemkataa. Dakika ya 55 anatolewa, anaingia Steven Nzonzi, mrefu, mtulivu, baba yake Mkongo. Dakika ya 59 Pogba anafunga. Dakika ya 65 Mbappé anafunga. 4-2 ikaisha, Ufaransa wakiwa wamemiliki mpira chini ya asilimia 40. Deschamps akawa mtu wa tatu kushinda Kombe la Dunia kama mchezaji na kama kocha, baada ya Mário Zagallo wa Brazil na Franz Beckenbauer wa Ujerumani. Wazee hao wote wawili walifariki Januari 2024, siku chache zikipishana.

Nilisema tutachambua na kushindwa. Euro 2016, nyumbani, fainali na Ureno: Cristiano Ronaldo anatoka kwa machela mapema, uwanja wote ni wao, na bado wanashindwa kufunga mpaka Éder anawaadhibu dakika ya 109. Timu inayozoea kungoja kosa la mwenzake hupata shida mwenzake akiamua naye kungoja. Euro iliyochezwa 2021, dhidi ya Uswisi mjini Bucharest, akaacha mfumo wake, akajaribu mabeki watatu wa kati na Rabiot akikimbia pembeni kushoto. Kipindi cha kwanza kilikuwa aibu. Akarudi kwenye yake, wakafika 3-1, Pogba akacheza ngoma, wote wakasahau kukaba, 3-3, penalti, nje. Na Euro 2024 walifika nusu fainali wakiwa hawajafunga bao hata moja la mchezo wa kawaida kabla ya mechi hiyo. Ni penalti na wapinzani kujifunga. Mwandishi mmoja akamuuliza kama hilo halichoshi. Akamjibu kwamba anayechoka atazame kitu kingine. Mimi mwenyewe, nawaambia ukweli, nilisinzia mechi mbili. Hoja yangu haihitaji niseme kwamba mpira ule ulipendeza.

Kitu kimoja zaidi, ambacho kwenye luninga hakionekani. Msaidizi wake ni Guy Stéphan. Wako pamoja tangu Marseille 2009. Stéphan alikuwa msaidizi wa Roger Lemerre, kocha wa Ufaransa, mwaka 2000, wakati Deschamps ni nahodha. Yaani nahodha alimtazama msaidizi akifanya kazi, akamkumbuka, na alipopata timu akamchukua. Wengi wetu tunachagua msaidizi kwa sababu ni shemeji, au kwa sababu hatatupinga.

Januari 2025 Deschamps alitangaza kwamba Kombe la Dunia la 2026 litakuwa la mwisho wake na Ufaransa. Nimekatazwa na mwenyekiti kuingia kwenye habari za nani anamrithi, kwa sababu jana jioni mlikesha nazo.

Kesho saa mbili asubuhi tutaweka kwenye skrini nusu fainali ile ya Ubelgiji, dakika zote tisini. Kila mmoja wenu atapewa mchezaji mmoja wa Ufaransa, amtazame yeye tu, hata mpira ukiwa upande mwingine, na aandike anasimama wapi na kwa nini. Giroud atatazamwa na watu wawili. Matuidi wawili. Kanté watatu. Mbappé hapewi mtu.